Kinyozi Aliyefuga Nywele

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimelinunua leo kwa kazi moja: ushahidi. Mambo yakija kuharibika, nisije nikaambiwa nimeyaota.

Mimi ni kinyozi. Duka letu lina viti viwili, vioo vinne na sinki moja linalovuja. Kiti cha mlangoni ni changu, cha ndani ni cha Shemeji, kaka wa mke wangu. Tumefanya kazi bega kwa bega miaka kumi na tisa. Kinyozi hajinyoi, kwa hiyo kila Jumatatu, kabla hatujafungua mlango, tunanyoana kwa wembe mpaka vichwa ving'ae. Naanza mimi kumnyoa yeye, halafu ananinyoa yeye. Wateja wakiingia wanaona kazi yetu kabla hawajauliza. Miaka yote hiyo hajawahi kunikata hata mara moja.

Leo amenikata. Nyuma ya sikio la kushoto, urefu wa punje ya mchele. Nikashtuka. Badala ya kusema pole, akageukia sinki, akaanza kuosha wembe, akasema akiwa amenipa mgongo, "Umetikisika, shemeji."

Sikutikisika. Nimekuwa nikiwaambia watu "tulia" tangu nina miaka ishirini, nishindwe kutulia mwenyewe?

Aliyetufundisha kazi hii alikuwa akisema mkono wa kinyozi hufuata moyo wake. Moyo ukiwa kwingine, mteja anaondoka na damu. Sasa nauliza, na ninaandika kwamba nimeuliza: moyo wa Shemeji uko wapi?

Mvua ya kwanza imenyesha saa nane. Sinki limevuja zaidi.

Jumanne, 5 Machi

Lile duka la mkabala na letu, lililokuwa tupu tangu mwaka jana, limebandikwa magazeti kwenye vioo vyote. Ndani kuna mtu anagonga misumari. Nimemuuliza Shemeji kama anajua ni nani. Akasema hajui. Amejibu haraka mno.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemnyoa. Ilipofika zamu yangu nikasema nina mafua.

"Mafua si yako puani, shemeji? Kichwa kimefanya nini?"

"Yameanzia kichwani."

Akafunga wembe wake, wala hakubisha. Mtu asiye na lake moyoni angebisha. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Mimi zangu nimezinyima maji.

Alhamisi, 14 Machi

Saa nne asubuhi amevua aproni akasema, "Nafika mahali mara moja." Mahali! Amerudi saa sita na nusu, amelowa mpaka soksi. Sikumuuliza alikuwa wapi. Ukimuuliza mtu mapema unamfundisha uongo.

Jumatatu, 18 Machi

Nimesema kidonda cha sikio hakijapona. Akaja, akakunja sikio langu kwa kidole, akatazama. Kidonda kilishapona wiki nzima, na wote wawili tunajua. Akasema, "Sawa, shemeji."

Kichwa kinawasha kama kimemwagiwa upupu.

Alhamisi, 21 Machi

Saa nne. "Nafika mahali."

Jumamosi, 23 Machi

Siku zote chai naimimina mimi, kwenye vikombe viwili vya bati. Leo Shemeji amekuja na kikombe chake cha plastiki chenye mfuniko na tundu la kunyonyea, kama cha mtoto wa chekechea. Nimemwambia cha bati hiki hapa, nimeshamimina. Akasema ameanza kupenda hiki.

Miaka kumi na tisa amekunywa chai yangu. Leo ndiyo anaiogopa?

Jumanne, 26 Machi

Mwalimu mstaafu amekuja kunyolewa ndevu. Ni mteja wa Shemeji tangu enzi akiwa bado anafundisha hesabu; hajawahi kukaa kiti kingine. Shemeji akamwambia, "Mwalimu, kaa kwa shemeji yangu leo. Mimi niko na mashine tu."

Si Mwalimu peke yake. Nimehesabu vizuri: wiki hii wote wa wembe amewasogeza kwangu, wa mashine amebaki nao. Nimelifikiria jambo hili nikiwa naosha mataulo, na nimelipata. Wateja wa wembe ni wazee, hawahami. Wa mashine ni vijana, ni wengi, na watamfuata hata ng'ambo ya barabara. Anachambua mchele. Chenga ananiachia mimi.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimemnyoa. Sikunyolewa.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua kutwa, wateja watatu. Nimekuwa na muda wa kujitazama, kwa bahati mbaya. Mtu mwingine akitaka kukisahau kichwa chake anaweza. Kinyozi hawezi: nikigeuka kulia nipo, nikigeuka kushoto nipo, nikiinama kumnyoa mtu kisogo namwona mwingine mle ndani ya kioo ananiinamia, na yule simjui. Nilianza kunyoa kipara nikiwa na miaka kumi na minne. Sasa nina arobaini na saba. Nywele zangu mimi mwenyewe sijawahi kukutana nazo ukubwani.

Zinaota vibaya. Mapanjani ni nene, utosini ni chache, na mbele, upande wa kulia, pana baka la mvi la ukubwa wa kifuniko cha chupa. Kisogoni zimejizungusha zenyewe kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Nimevaa kofia.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimemnyoa. Sasa haulizi tena. Anafuta kiti changu kwa taulo, anasimama nyuma yake kidogo, halafu anaenda kufungua mlango.

Kuna jambo moja linanivurugia kesi. Yeye bado ananipa shingo. Anafumba macho, wembe wangu uko kooni mwake, na anasinzia kabisa, mdomo wazi. Ama hana hatia, ama ni fundi wa kuigiza. Nimeandika yote mawili ili haki itendeke.

Ijumaa, 12 Aprili

Dereva wa lori, mteja wangu, ameingia akanivua kofia mbele za watu. "Kinyozi! Nani kakususia?" Duka zima limecheka. Mwingine akadakia kwamba akiona mpishi amekonda na kinyozi ana msitu, anatafuta duka lingine.

Nimecheka nao. Halafu nimemtazama Shemeji kwenye kioo. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananiangalia kichwa kwa macho ambayo sikuweza kuyasoma, kisha akaona namwona, akainamia mashine yake.

Jumapili, 14 Aprili

Leo nimeshtakiwa mimi.

Mke wangu alikuwa anafua. Akaja mlangoni ameshika chanuo langu, lile jeusi la meno marefu nililonunua wiki iliyopita.

"Baba Kigori, hili la nani?"

Kigori ni jina la utani la binti yetu. Mke wangu akiniita hivyo kwa sauti hiyo, najua mambo si mazuri.

"Langu."

"Langu! Wewe? Tangu nikujue hujawahi kumiliki hata kitana."

"Nina nywele sasa."

"Hizo nimeziona. Ndizo ninazoulizia. Mwanaume akifikisha miaka arobaini na saba akaanza kufuga nywele, akaanza kutembea na chanuo mfukoni, hazifugi kwa ajili ya mke aliyemwoa na kipara."

Nilimwapia. Nikamwambia hakuna mwanamke. Akauliza basi kuna nini, na hapo nikanyamaza, kwa sababu kilichopo ni kaka yake. Nikanyamaza, na nilijiona nilivyokuwa ninanyamaza: kama mtu mwenye hatia. Akanusa kola ya shati langu kabla hajaliloweka. Spiriti na povu la kunyolea, siku zote, lakini alinusa mara mbili.

Inauma kweli kuchunguzwa na mtu unayelala naye chumba kimoja. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nimeuandika huo msemo bila kuumaliza, na sitaki kuumalizia.

Kigori yeye alipita tu, akanigusa kichwa, akasema, "Kumbe ni laini, baba," akaenda zake.

Jumatano, 17 Aprili

Nimerudi mapema, nikamkuta mke wangu uani anaongea na simu. Aliponiona akakata.

"Nani?"

"Kaka."

"Mnaongea nini?"

"Ya nyumbani tu."

Ya nyumbani! Kwani mimi ninakaa wapi?

Kwa hiyo wako wawili. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nimeivaa miaka kumi na tisa.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemnyoa. Sikunyolewa. Nimesahau kofia nyumbani, na mvua imenikuta katikati ya njia.

Niandike hili ingawa si ushahidi. Maisha yangu yote mvua ikinyesha inateremka moja kwa moja machoni, kama kwenye bati. Leo ilikaa juu kwanza. Nilisikia matone yanafika, yanatulia huko, yanazama polepole, na ngozi ikapata habari baadaye kabisa. Nilisimama. Watu walinipita wanakimbia na mimi nimesimama tu kama mjinga katikati ya barabara, nasikiliza kichwa changu.

Nilipoingia dukani Shemeji alinirushia taulo. Amelirusha kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni.

Alhamisi, 2 Mei

Kuhusu huo mfuko. Nimeanza kumfuatilia tangu siku ya taulo. Asipokuwa na mashine, mkono wa kulia uko mfukoni mwa aproni. Mteja akitaka kumshika mkono, anatoa wa kushoto, anasema samahani, huu umelowa. Sasa ni kitu gani kinachoshikiliwa mle siku nzima? Nasema ni ufunguo. Mtu mwenye ufunguo mpya huwa hatulii bila kuugusa.

Saa nne: "Nafika mahali."

Jumanne, 7 Mei

Leo nimempata.

Nilikuwa chumba cha nyuma natafuta spiriti. Pazia lina tundu. Shemeji alidhani nimetoka kwa mlango wa uani. Akachukua uzi mfukoni, akaja kwenye kiti changu, si chake, akapima: kutoka sakafuni mpaka kwenye mkono wa kiti, kutoka mkono wa kiti mpaka mahali kichwa kinapoegemea. Akafunga fundo kila mahali. Halafu akasimama nyuma ya kiti, akainua kiwiko hewani, akakishikilia hivyo, akapima tena kutoka kiwikoni mpaka chini.

Mtu anapima kiti cha mwenzake kwa nini, kama si kutengeneza kingine kama hicho? Kiti changu ndicho kizuri, wateja wote wanasema. Hata kiti ameniibia, kwa uzi.

Nilitoka nikipiga kelele na chupa za spiriti ili apate nafasi ya kuuficha. Sijui kwa nini nilimpa hiyo nafasi.

Jumamosi, 11 Mei

Magazeti yamebanduliwa. Lile duka la mkabala ni la magodoro. Mama mmoja mnene, mcheshi, amekuja kutusalimia na kutualika tukajaribu kulalia.

Nimefurahi kama dakika tano. Halafu nikakumbuka mji huu una maduka mengi.

Jumapili, 19 Mei

Mke wangu amenikalisha kwenye kigoda, yeye juu ya kiti, kichwa changu magotini pake, akanipaka mafuta. Hakuniomba, ameniita tu kama anavyomwita Kigori. Anagawa nywele kwa ncha ya chanuo, anapaka mstari, anagawa tena. Vidole vyake vinajua njia ambazo mimi, mwenye kichwa na mwenye kazi, sizijui. Nilikuwa namkata mtu nywele nikidhani nazifahamu nywele. Nilifahamu kuziondoa tu.

"Zinakupendeza," akasema. "Nilikuwa nimekasirika, sikutaka kuona."

"Hata hili baka la mvi?"

"Hilo hasa."

Akaendelea kupaka. Mvua ilikuwa ikigonga bati. Halafu akasema, "Niambie unazifuga kwa ajili ya nani. Sitagomba."

"Zimeota tu."

"Kwa kinyozi haziwezi kuota tu."

Nikataka kumwambia. Nikataka kumuuliza wanaongea nini uani, yeye na kaka yake. Nilihisi vidole vyake navyo vimesita, kama mtu anayetaka kusema na amekatazwa. Akanisuka mistari miwili kisogoni, akacheka, akaifumua.

Jumatano, 22 Mei

Kijana wa benki aliyekuwa mteja wa mashine wa Shemeji amekaa kwangu akasema hataki kunyolewa, anataka nimwonyeshe ninavyozichana, kwa sababu naye anataka kufuga na mama yake anampigia kelele. Nusu saa nzima sikushika wembe wala mashine. Nimemwambia anzia nchani, si shinani. Usizilazimishe zikiwa kavu. Wiki ya tatu utataka kuzitoa zote, ivumilie.

Alipoondoka nilikuwa na furaha isiyo na maana. Sijavaa kofia tangu siku ile ya mvua, sasa ndiyo nakumbuka.

Shemeji alisikia yote. Akasema, "Basi umezipenda." Hakuuliza. Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, na mkono ukazama mfukoni zaidi.

Jumatatu, 27 Mei

Nimemnyoa. Alisinzia. Amekonda shingoni, nimeona leo.

Alhamisi, 30 Mei

Naandika niko chumba cha nyuma, mlango nimefunga, mchana kweupe. Acha niandike kwa utaratibu.

Saa nne, "Nafika mahali." Nilikuwa na Mwalimu kitini, shavu la kulia limekwisha, la kushoto lina povu. Nikamwangalia Shemeji akivuka barabara, nikajiambia leo ni leo. Nikamwambia Mwalimu, "Tulia hapo hapo," nikatoka. Sijawahi kumwacha mtu na povu usoni katika maisha yangu.

Nilimfuata kwenye matope, nyuma kidogo, nikijificha kwenye miavuli ya watu. Akaingia karakana ya seremala, ile iliyo nyuma ya kituo cha mafuta. Hakukaa. Alitoka mikono mitupu, akaelekea juu, njia ya hospitali. Mimi sikumfuata tena. Nilichotaka kilikuwa mle ndani: viti.

Seremala alikuwa anapiga msasa. Aliinua macho, akatazama kichwa changu, akatabasamu.

"Wewe ndiye Kichwa."

"Nani?"

"Shemeji wa yule kinyozi. Kaniambia nikiona mtu ana nywele zimesimama na baka la mvi hapa, na mkono wake unanukia spiriti, ndiye."

Nikasema kwa ukali nimekuja kuona viti. Akashangaa. Viti gani? Akavuta turubai.

Kilikuwa kitu kimoja tu. Nguzo ya mbao, imenyooka, ina miguu mitatu mizito chini ili isiyumbe, na juu imetiwa sifongo na kufunikwa ngozi laini, imebonyea katikati kama mto wa mtoto. Sikuelewa. Seremala akasimama nyuma yangu, akaweka kiwiko chake pale juu, akanyoosha mkono mpaka karibu na sikio langu.

"Cha kuegemeza kiwiko. Mkono wake wa kulia unatetemeka, hujui? Mwaka wa pili sasa. Mashine anaimudu, kile kifuniko cha meno yake kinamlinda mtu. Wembe ameuacha, wateja wote amewahamisha. Nikamwambia mzee, kama umeuacha wembe, hii nguzo ya nini? Akaniambia ni kwa kichwa kimoja tu."

Nikakaa kwenye rundo la mbao.

"Anasema huyo mtu alishauona mkono wake," Seremala akaendelea, bado anasugua mbao, hajui anachonifanya, "akaona vibaya kumwambia, akaamua kufuga nywele. Miezi mitatu anachekwa mtaani ili mwenzake asiaibike. Kasema mtu wa namna hiyo hatampata mwingine. Ndiyo maana anataka ikamilike kabla ya Jumatatu."

Nilirudi mbio. Mwalimu alikuwa amelala, povu limemkaukia shavuni. Nikampaka jipya, nikanoa wembe, na mkono wangu ulikuwa unatetemeka, huu mkono mzima usio na ugonjwa wowote. Nikamkata. Kidogo tu, chini ya taya. Akashtuka akafumbua macho, na mdomo wangu, naapa, ukafunguka wenyewe kumwambia, umetikisika, Mwalimu.

Nikaufunga. Nikasema, "Pole, Mwalimu. Ni mimi."

Naongeza haya usiku, niko nyumbani. Jioni nilimwambia mke wangu nimejua. Akalia. Alikatazwa, akasema, kaka yake alitaka aniambie mwenyewe akipata namna. Daktari anasema ni mishipa ya fahamu, dawa hupunguza lakini haiponi. Kisha akajifuta macho akaniuliza, "Kwa hiyo chanuo ni lako kweli?"

Ijumaa, 31 Mei

Nimelisoma daftari hili lote tangu mwanzo. Kikombe chenye mfuniko. Mfuko. Uzi. Mwalimu. Kila kitu nilikiandika, na kwa usahihi. Nina aibu.

Jumatatu, 3 Juni

Nilifika nikamkuta amenitangulia. Nguzo ilikuwa imesimama nyuma ya kiti changu, imepakwa vanishi. Alikuwa ameshafagia. Mkono wake wa kulia haukuwa mfukoni. Ulikuwa wazi, juu ya nguzo, na ulikuwa unatetemeka mbele yangu kama kitu kisichohusiana naye.

"Seremala ana mdomo mrefu," akasema. "Amekuambia."

"Ameniambia."

"Nami nilijua umeshauona. Tangu ile siku ya sikio. Nikamwambia mkeo, mumeo muungwana, anabeba msitu kichwani asije akaniambia sikutaki tena. Nikashindwa kukushukuru, shemeji. Ningeanzia wapi?"

Ningeweza kukubali. Neno "ndiyo" lilikuwa karibu kabisa, na lingetupendeza sote. Nilimnyoa yeye kwanza, kama kawaida, ili nipate muda, na safari hii hakusinzia. Nilipomaliza nikafuta wembe nikasema.

"Sikuuona mkono. Nilidhani unahama. Nilidhani lile duka la mkabala ni lako, na unaniibia wateja."

Akageuka na povu masikioni. "La magodoro?"

"La magodoro."

Alicheka mpaka akashika sinki. Halafu kicheko kikaisha, akabaki ameshika sinki.

"Kila Jumatatu nilikuwa nakupa shingo yangu."

"Najua."

"Na wewe umeshika wembe, unaniwazia hayo."

"Najua, shemeji. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe, na niliandika mwanzoni kwamba hapa naandika ushahidi, kwa hiyo sitamsemea. Alitazama maji yakidondoka chini ya sinki. Alichukua wembe wake, ambao haujafunguliwa tangu Machi, akaunoa kwa muda mrefu, kwa mkono wa kushoto.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Akanifunika shuka, akaweka kiwiko juu ya nguzo. Kwenye kioo tulikuwa wawili: yeye anang'aa, mimi nimefura kichwa kizima, baka la mvi mbele, limekuwa kubwa kuliko kifuniko cha chupa sasa.

"Zote?"

Nilijitazama. Nilikuja nimejiandaa kusema zote. Nilidhani hivyo ndivyo mtu anavyolipa. Lakini yule wa kwenye kioo nilishamjua.

"Hapana. Shingoni na pembeni mwa masikio tu. Hizi zingine ni zangu."

"Nilijua," akasema, akaanza.

Alinyoa polepole sana. Nilisikia mtetemo ukishuka kwenye nguzo mpaka sakafuni, na wembe juu yake umetulia, karibu umetulia. Shingo ikaisha. Sikio la kulia likaisha. Nilikuwa nimefumba macho. Kwenye la kushoto, nyuma, mahali pale pale, nikahisi ubaridi mdogo, halafu moto.

Mkono ukasimama. Sikutaka kumwona usoni kwenye kioo, kwa hiyo niliendelea kufumba.

"Nimetikisika, shemeji," nikasema. "Samahani. Endelea."

Baada ya muda nilisikia wembe ukirudi, ukamalizia mstari. Akabana pamba yenye spiriti pale nyuma ya sikio, akaishikilia mpaka damu ikakauka. Kisha akachukua chanuo langu mfukoni mwa shati langu, akazivuta nywele za kando mpaka zikapafunika, akaenda kufungua mlango.